Kila Mlima na Wadudu Wake

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani, mkoani Tanga, ni ya kilomita thelathini na ushei. Inaanzia kwenye michungwa na minazi, inapita kwenye mitiki ya Longuza, inafika geti la Sigi, kisha inapanda kona kwa kona hadi Amani, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Abiria huyahisi mabadiliko mwilini: fukuto la Muheza linabaki nyuma, vioo vya gari vinapandishwa, ukungu unatanda juu ya mashamba ya chai. Mdudu huyahisi zaidi. Joto la mwili wake hufuata joto la hewa. Hewa ikipoa naye hupoa, mayai yake huchelewa kuanguliwa, mabawa yake huwa mazito kuruka. Mtu akitega taa usiku pale Sigi, na mwenzake akatega Amani, wapo nondo watakaotua kwenye shuka moja wasionekane kabisa kwenye nyingine.

Kwa muda mrefu wataalamu wa wadudu wamejiuliza ni nini hasa kinachowabadilisha wadudu wa msitu wa mvua kutoka mahali hadi mahali. Je, ni umbali? Ni aina ya miti? Au ni sura ya ardhi yenyewe, yaani vilima, mabonde, miteremko na mito? Jibu lina uzito mkubwa kwa Afrika Mashariki, kwa sababu misitu yake mingi ya mvua imekaa milimani, na mingi imekwisha kukatwa vipandevipande.

Pale ardhi ilipo tambarare

Mwaka 1982 Mmarekani Terry Erwin alichapisha hesabu iliyowashtua wanasayansi. Nchini Panama alipuliza moshi wa dawa kwenye vilele vya miti 19 ya aina moja, akakusanya mbawakawa walioanguka, akapata spishi zaidi ya elfu moja. Akakadiria kwamba huenda dunia ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Hesabu yake ilisimama juu ya dhana kwamba kila aina ya mti ina wadudu wake wengi wasiokula kwingine. Hesabu za baadaye zimeshuka sana. Makadirio yanayotumika zaidi siku hizi yanawaweka wadudu wote kwenye spishi milioni 5.5 hivi.

Sehemu ya sababu ya kushuka huko ilipatikana Papua New Guinea. Vojtech Novotny na wenzake walikusanya viwavi, mbawakawa watoboa miti na nzi wa matunda kwenye nyanda za chini za mito Sepik na Ramu, msitu usiokatika wenye ukubwa wa kilomita za mraba 75,000. Matokeo yao ya mwaka 2007 yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi. Kiwavi aliyepatikana kwenye kituo kimoja alielekea kupatikana pia kwenye kituo kilicho mamia ya kilomita kutoka hapo. Msitu ulikuwa na wadudu tele, lakini walikuwa karibu wale wale kutoka upande huu hadi upande ule.

Panama nako kukatoa picha inayofanana. Katika msitu wa San Lorenzo, karibu na pwani, kundi kubwa la watafiti likiongozwa na Yves Basset lilipekua chini ya nusu hekta, kuanzia udongo hadi vilele vya miti, likapata spishi 6,144 za wadudu, buibui na jamaa zao. Walikadiria mwaka 2012 kwamba msitu wote wa hekta 6,000 una spishi kama 25,000. La kushangaza zaidi ni kwamba hekta moja peke yake ilibeba zaidi ya asilimia 60 ya hizo zote.

Umbali mtupu, basi, haufanyi kazi kubwa kama ilivyodhaniwa. Pale ardhi inapokaa katika kimo kimoja, mvua ikawa ile ile na miti ikawa ya jamii zile zile, mdudu anaweza kuenea mamia ya kilomita bila kugeuka.

Pale ardhi inapoinuka

Kusini mwa Ecuador mambo yalikwenda vingine kabisa. Mjerumani Gunnar Brehm na wenzake walitega taa kwenye miteremko ya Andes, kati ya mita 1,000 hivi na 2,700. Walishughulika na familia moja tu ya nondo, ile ambayo viwavi wake hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama fundi apimaye kitambaa kwa shubiri. Ndani ya eneo la kilomita za mraba 40 hivi walipata spishi 1,010. Bara zima la Ulaya lina idadi inayokaribiana na hiyo. Wengi walitarajia wingi huo upungue kadiri walivyopanda, lakini haukupungua. Kilichobadilika ni spishi zenyewe: za chini ziliachia nafasi, za juu zikaingia.

Maelezo ya jambo hili yalitangulia ushahidi kwa miaka mingi. Mwaka 1967 Daniel Janzen aliandika makala fupi akidai kwamba milima ya tropiki ni mirefu kuliko milima ya nchi za baridi, si kwa mita bali kwa ugumu wake kwa viumbe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifuata. Mdudu wa Ulaya au wa Marekani hukutana na theluji na jua kali ndani ya mwaka mmoja, na mwili wake umezoea vyote viwili. Akipanda mlima wakati wa kiangazi, baridi ya huko juu si ngeni kwake. Mdudu wa tropiki hajapata mazoea hayo.

Tanga inatosha kuwa mfano. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi za sentigredi, kwa hiyo kati ya Muheza na Amani kuna tofauti ya nyuzi 4 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo inakaribiana na ile iliyopo mjini Tanga kati ya joto la mwezi Februari, Kaskazi inapovuma, na ubaridi wa Julai wakati wa Kusi. Mdudu anayepanda kutoka Muheza hadi Amani hukutana na tofauti ya msimu mzima, na hatua chache juu zaidi anaingia kwenye baridi ambayo kizazi chake hakijawahi kuionja.

Mwaka 2018 hoja ya Janzen ilipimwa kwenye mito. Watafiti walilinganisha wadudu ambao mabuu wao huishi chini ya mawe ya vijito, milimani Colorado nchini Marekani na milimani Ecuador. Wale wa Ecuador walivumilia mabadiliko madogo zaidi ya joto, walihama kidogo zaidi kutoka kimo kimoja hadi kingine, na ndani ya kile kilichodhaniwa kuwa spishi moja mara nyingi zilijificha spishi kadhaa zilizotengana kinasaba. Mteremko uliwatenga.

Tao la Mashariki

Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo hoja hii inaonekana wazi kuliko kwenye Milima ya Tao la Mashariki. Tao hili linaanzia Vilima vya Taita nchini Kenya, linashuka kupitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hadi Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ni ya kale sana, na milima yenyewe iliinuka angalau miaka milioni 30 iliyopita. Kilimanjaro, kwa kulinganisha, ni mlima wa jana.

Ukale peke yake haukutosha. Milima hii imeelekea Bahari ya Hindi, na upepo wa baharini ukigonga miteremko ya mashariki hupanda, hupoa na kuacha mvua na ukungu. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Uluguru una mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na Usambara Mashariki, iliyo karibu zaidi na bahari, ina msitu wa sura ya nyanda za juu kwenye vimo ambavyo mlima wa bara ungekuwa bado na miti ya nyanda za chini. Chavua iliyohifadhiwa kwenye tope la ardhi oevu ya Uluguru inaonyesha kwamba hata kipindi cha mwisho cha barafu, Afrika ilipokauka na misitu mingi ikasinyaa, msitu huu uliendelea kuwepo. Wadudu walipata vitu viwili kwa pamoja: makazi yasiyotoweka na miteremko ya kuwagawa.

Kitu cha tatu ni nafasi zilizopo kati ya mlima na mlima. Kati ya Uluguru na milima ya magharibi yake kuna nyanda kavu za Mkata. Kati ya Usambara Mashariki na Magharibi kuna bonde la Lwengera. Ndege huvuka, na hata kipepeo mwenye mabawa yenye nguvu anaweza kujaribu. Panzi asiye na mabawa ya kumrusha, anayeishi kwenye majani mabichi ya kivuli, hawezi kulikatiza pori kavu la siku nyingi.

Na panzi wa namna hiyo ni wengi milimani. Kuruka kunakula nguvu nyingi. Mahali ambapo msitu umedumu, hewa ni ya baridi na chakula kipo miguuni, jike asiyepoteza nguvu kwa mabawa anaweza kuzielekeza kwenye mayai. Vizazi vinavyopita, mabawa husinyaa. Kundi la panzi liitwalo Parepistaurus ni mfano mzuri: wadogo, hawaruki, na milima tofauti ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani ina spishi zake yenyewe. Claudia Hemp, aliyetumia miaka mingi kuchunguza panzi na senene wa Kilimanjaro na milima ya jirani, ameonyesha mara kwa mara jinsi wadudu wasioruka walivyogawanyika mlima kwa mlima kadiri hali ya hewa ya kale ilivyokuwa ikipanua misitu na kuibana tena.

Hadithi hiyo hiyo inasomeka kwenye majani yaliyooza chini ya miti. Mwaka 1957 Wabelgiji wawili, Pierre Basilewsky na Narcisse Leleup, walipita kwenye milima ya Tanganyika wakikusanya wadudu wa ardhini. Kazi ya namna hii ni ya subira. Majani na mboji huchekechwa, kisha hutundikwa kwenye mfuko wa kitambaa. Kadiri vinavyokauka, wadudu hushuka wakitafuta unyevu na kuangukia kwenye chupa ya spiriti. Wanaotoka humo ni mbawakawa wa milimita moja au mbili, wekundu au weusi, wengine wasio na macho wala mabawa. Kiumbe kama huyo maisha yake yote ni mita chache za mboji. Makundi kadhaa ya mbawakawa hawa yana sehemu kubwa ya spishi ambazo hazijulikani nje ya mlima mmoja.

Hata vipepeo, warukaji wazuri, wamegawanyika. Kwenye Vilima vya Taita wanaishi Cymothoe teita na Papilio desmondi teita, wasiopatikana kwingineko duniani. Kipepeo mwingine wa msituni, Charaxes xiphares, yupo milima mingi, lakini Usambara ana sura yake na Taita ana sura nyingine, kiasi cha wataalamu kuwapa majina tofauti ya nususpishi. Misitu iliyobaki Taita, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba na makazi. Spishi nzima ya dunia inaweza kutegemea kilele kimoja chenye miti.

Mita chache zinazotosha

Sura ya ardhi haifanyi kazi kwa milima mizima tu. Kwenye Amazon, nchi inayoonekana tambarare kama sakafu, tofauti ya mita chache huamua ni msitu upi utafunikwa na maji kwa miezi na upi utabaki mkavu. Joachim Adis, aliyefanya kazi karibu na Manaus, alionyesha jinsi wadudu na jamaa zao waishio kwenye udongo wa misitu inayofurika wanavyopanda mashina ya miti maji yanapojaa na kushuka yanapokauka. Ndugu zao wa ardhi kavu ya jirani hawana mazoea hayo.

Milimani, kijito kimoja kinaweza kuwa makazi yote ya spishi. Kereng'ende aitwaye Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1962, anajulikana kutoka Usambara Mashariki tu, kwenye maji ya msituni maeneo ya Amani, na yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mabuu ya kereng'ende huishi majini. Kijito chenye mteremko, mawe na kivuli hubaki na maji baridi yenye hewa nyingi. Miti ya kando ikikatwa, jua huyapasha na tope la mashambani hufunika mawe. Mita mia chache za kijito zikiharibika, madhara yake kwa mdudu huyu ni ya dunia nzima.

Mteremko huwatenganisha pia wadudu ambao watu wangependa wawe wachache. Utafiti uliofanyika Usambara na kuchapishwa mwaka 2003 uligundua kwamba uambukizaji wa malaria ulipungua zaidi ya mara 1,000 kati ya vijiji vya mita 300 na vile vya karibu mita 1,700. Mbu ni mdudu kama wengine; huko juu yeye na vimelea anavyobeba hukua polepole mno, na mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa ndani yao. Kinachomzuia mbu ni kile kile kinachomzuia nondo.

Si kila mdudu hufuata kanuni moja

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kadiri mtu anavyopanda ndivyo wadudu wanavyopungua. Kwa baadhi ni kweli. Sisimizi na siafu hupungua haraka, na kwenye milima mingi yenye unyevu ya tropiki karibu hutoweka juu ya mita 2,000 na ushei. Wakitoweka, mbawakawa wawindaji wa ardhini huongezeka, kwa kuwa mshindani wao mkubwa hayupo. Nondo wa makundi fulani huwa wengi zaidi katikati ya mlima, kwenye ukungu.

Kilimanjaro ndiko swali hili lilikopimwa kwa upana zaidi barani Afrika. Watafiti wa Kijerumani na Kitanzania waliweka maeneo 60 ya uchunguzi kutoka kwenye savana na mashamba ya mahindi, kupitia vihamba vya Wachagga na msitu, hadi zaidi ya mita 4,000. Marcell Peters na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba kila kundi la viumbe lilikuwa na kichocheo chake, lakini makundi yote yalipojumlishwa, joto lilijitokeza kuwa sababu yenye nguvu kuliko zote. Nyuki walitoa mfano wa wazi: wingi wa spishi zao ulishuka kadiri hewa ilivyopoa, na maua peke yake hayakutosha kueleza kushuka huko.

Mlima unapopata joto

Ikiwa joto ndilo linalogawa wadudu kwenye mteremko, joto likipanda mgawanyo wote husogea. Hili limekwisha kushuhudiwa. Kwenye Mlima Kinabalu, kisiwani Borneo, nondo walihesabiwa mwaka 1965 na tena mwaka 2007 kwenye njia ile ile. Spishi 102 zilizolinganishwa zilikuwa zimepanda kwa wastani wa mita 67. Costa Rica, kwenye mteremko wa volkano ya Barva, Robert Colwell na wenzake walichunguza vimo vinavyokaliwa na spishi 1,902 za mimea, nondo na sisimizi. Wakaonya mwaka 2008 kwamba joto likiongezeka, karibu nusu ya spishi hizo zinaweza kujikuta kimo kinachozifaa kimehama hadi mahali ambapo hazipo kabisa. Waliliona pia tatizo la chini: spishi za nyanda za joto zikihama kwenda juu, hakuna kundi lenye kuzoea joto zaidi litakalotoka chini kuziba pengo.

Kuhama kunahitaji njia, na hapo ndipo Tao la Mashariki lilipojeruhiwa. Msitu uliofyekwa zaidi ni ule wa miteremko ya chini, wenye udongo mzuri, karibu na barabara na vijiji. Chini ya Uluguru umebaki msitu wa Kimboza, wenye miamba ya chokaa, lakini kati yake na msitu wa juu kuna mashamba. Mbawakawa asiye na mabawa anayeishi Kimboza hana pa kupitia. Udzungwa ndiko kwenye bahati adimu: upande wa mashariki, juu ya bonde la Kilombero, msitu unapanda bila kukatika kutoka mita 300 hivi hadi zaidi ya mita 2,000, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Thamani ya mteremko huo haionekani kwenye takwimu za hekta. Hekta 1,000 zilizolala kwenye kimo kimoja na hekta 1,000 zilizosimama kutoka bondeni hadi kileleni ni hifadhi mbili tofauti kabisa kwa mdudu.

Kuunganisha vipande kuna gharama ya kibinadamu. Ushoroba wa Derema, Usambara Mashariki, ulianzishwa ili kuunganisha misitu ya Amani na ile ya kaskazini yake, na wakulima waliokuwa wakilima iliki chini ya miti walilazimika kuondoka kwa fidia ambayo wengi waliilalamikia. Tarafa ya Amani ilikuwa pia na wanakijiji waliofuga vipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo, biashara iliyowapa sababu ya kutunza msitu unaozaa vipepeo hao, hadi serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Uhifadhi unaomwondolea mkulima iliki na vipepeo kwa wakati mmoja hauwezi kumtaka aupende mteremko.

Ipo nafasi ambayo haihitaji kumhamisha mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mito ya milima hii hushuka moja kwa moja kutoka ukungu hadi nyanda za joto, yaani katika mwelekeo ule ule ambao wadudu watalazimika kupanda. Ukanda wa mita 60 wenye miti ya asili kila upande, ukitunzwa kwenye mito ya Uluguru inayoingia Ruvu na kwenye Sigi inayolisha bwawa la Mabayani, ungerudisha njia ya kijani kupita katikati ya mashamba, ungetunza kivuli cha vijito vya kereng'ende, na ungepunguza tope kwenye maji yanayonywewa Dar es Salaam na Tanga. Halmashauri na mamlaka za maji tayari zina wajibu wa kuilinda mito hiyo. Linalotakiwa ni kuuchora ukanda huo kwenye ramani za vijiji kuanzia chini ya mlima, mahali msitu ulipokatika, badala ya kusubiri mpaka wa hifadhi uanze huko juu.